Msumari wa Kobe

4 Februari

Mama mpenzi,

Barua yako imenifikia ikiwa na duara la kikombe cha chai mgongoni, nikajua uliiandikia juu ya cherehani kama kawaida yako. Mimi mzima, kile kikohozi kimeniacha. Baba je? Mkono wa kulia umeanza kushika kitu? Ulimi umefunguka kidogo? Niambie yote, usinifiche kama ulivyonificha wiki nzima alipopooza.

Umeuliza kazi mpya ikoje. Mama, huku sifanyi ufundi wa kulala chini ya gari na kunywa vumbi. Bosi wangu anakusanya magari ya zamani, na mimi nimepewa kuhudumia moja tu, gari la mashindano la miaka sitini iliyopita. Jekundu, refu, jembamba, kiti kimoja. Tunamwita Malkia. Chumba chake kina kipimajoto ukutani, na ukiingia unavaa soksi juu ya viatu. Jioni anafunikwa blanketi la sufi. Bosi hamgusi bila glavu nyeupe, ndiyo maana sisi mafundi tukiwa peke yetu tunamwita Bwana Glavu.

Sasa cheka. Malkia na gari letu Kobe wametoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja! Ndugu wa tumbo moja, mmoja kaolewa ikulu, mwingine kabaki kwenu kufua. Kila nikimpangusa Malkia namkumbuka Kobe na milango yake minne, ule wa nyuma usiofunguka mpaka uupige teke.

Nina ombi dogo. Fungua boneti umtazame Kobe juu ya injini, upande wa kulia. Kuna kipande cha alumini kinachofunika silinda, sisi tunakiita hedi. Ndipo pale Baba anapokwaruza tarehe zake kwa msumari. Karibu na hizo tarehe kuna namba imetokeza. Niandikie hiyo namba. Nataka tu kujua kama kweli ni ndugu.

Msalimie Baba, mshike mkono kwa niaba yangu.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Tumeamka, tumekula, hakuna aliyeanguka. Hizo ndizo salamu zetu siku hizi. Mkono wa baba yako bado mzito. Ulimi ndio huo huo, neno moja tu: "Bado." Miaka arobaini alikuwa akiwaambia wateja gari bado, sasa amebakiziwa hilo hilo. Chai imepoa? Bado. Unaumwa? Bado. Nacheka mpaka machozi, halafu naona machozi yenyewe si ya kicheko.

Habari ya huyo Malkia wako niliisoma mara mbili, na mara ya pili ikanichukiza. Sikufichi. Jumatano nilikaa na baba yako saa tatu kwenye korido ya hospitali kungoja zamu ya mazoezi. Benchi la pili kulikuwa na bibi mmoja anatetemeka, hana hata kanga ya kujifunika, nikamvua baba yako koti nikampa. Narudi nyumbani nasoma kwamba chuma kinafunikwa blanketi la sufi! Na wewe, uliyelelewa kwa mashuka niliyounga viraka, unaniandikia hayo kwa fahari.

Kiti kimoja. Gari la kiti kimoja ni la mtu asiyependa watu. Kobe alinibeba nikiwa na wewe tumboni, uchungu umeshika, baba yako anapiga honi mpaka ikakatika sauti. Alibeba jeneza la bibi yako, buti limefungwa kwa kamba. Anabeba sare za shule ninazoshona, zimejaa mpaka dari, nami nachungulia njia kama panya kwenye ghala. Malkia kambeba nani?

Hata hivyo namba nimekuandikia kwenye karatasi utakayoikuta humu ndani. Nilipoinamisha kichwa nikajikuta nasoma tarehe za baba yako badala ya namba. Unajua kila tarehe ameiwekea neno moja: "oili", "plagi", "breki". Halafu katikati, bila aibu, siku uliyozaliwa: "mtoto". Chini yake "shule". Ya mwisho kabla hajapooza ni siku tuliyokupeleka upande ndege: "uwanja". Kumbe siku ile alirudi nyumbani akafungua boneti. Mimi nilikuwa ndani nalia, sikujua.

Vaa sweta.

Mama yako


15 Machi

Mama,

Nyote hamjambo, naamini, na Baba anazidi kusogea. Mimi furaha inanizuia hata kukaa kitini. Nakuja! Bwana Glavu mwenyewe kanipa likizo na tiketi, nami hata sikuomba. Nitakuwa nanyi wiki nzima mwezi ujao.

Namba ni yenyewe, Mama. Ndugu kweli!

Nikifika nitamfanyia Kobe huduma kamili, nimtengeneze mpaka ashangae. Wewe usiguse kitu. Siku zile nenda kapeleke sare zako bila wasiwasi, Baba nitamwangalia mimi.

Mwanao mwenye haraka


6 Mei

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na lile sanduku lako halikukuvunja kiuno. Mpaka leo bega linaniuma. Mtu anaondoka na vitabu vya ufundi vya baba yake vizito namna ile? Lakini nilifurahi ulivyoviomba, nikasema mwanangu bado anamheshimu mzee wake.

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Harufu ya rangi uliyosema umepaka eksozi isishike kutu imekaa uani siku nne. Sweta ulilomletea baba yako linamkaa vizuri.

Sasa pokea habari njema. Baba yako kapata neno jipya! Jumatano ile ya kwanza baada ya wewe kuondoka nilimketisha kwenye Kobe, nikawasha. Akainua kichwa, akasikiliza, akasema wazi kabisa: "Siyo." Nikazima nikampigia makofi. Nikawasha tena. "Siyo." Mwalimu wake wa mazoezi kafurahi, kasema ubongo unajijenga upya, tumpe nafasi aseme.

Ila tangu hapo hataki kupanda. Nikifungua mlango anashika nguzo ya baraza kwa ule mkono mzima. Wiki iliyopita aliutemea mate upande wa boneti. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akifuta kioo cha gari kabla ya kufuta uso wake! Mazoezi mawili yametupita. Nawaza labda ugonjwa umempanda kichwani upya.

Na Kobe naye anakunywa maji kama ana homa. Umemfanyia nini? Zamani rejeta niliijaza mara moja kwa mwezi.

Mama yako


24 Mei

Mama,

Hongereni kwa hilo neno. Mimi mzima, kazi nyingi.

Kuhusu maji, ni kawaida kwa injini iliyofanyiwa huduma, itatulia. Ongeza tu kila asubuhi. Usimruhusu fundi yeyote afungue boneti, hao wa mitaani wataharibu nilichotengeneza. Baba mzoeshe taratibu. Wagonjwa wa kupooza husikia vitu ambavyo havipo.

Nimeweka picha. Ni Malkia kwenye maonyesho, huo utepe wa bluu ni wa nafasi ya kwanza. Huyo mwenye glavu nyeupe nyuma ya bosi ni mimi. Siku hizi mimi ndiye mkuu wa karakana.

Mwanao


11 Juni

Wewe,

Salamu zako nimezitafuta nikaona hazipo. Tuko hai, hiyo inakutosha.

Alhamisi nilimpandisha baba yako kwa nguvu. Kwa nguvu, unanielewa? Nilimbandua vidole kwenye nguzo kimoja kimoja, mume wangu, kwa sababu mwanangu aliniandikia kwamba mzee anasikia vitu visivyokuwepo. Njia nzima alikuwa akisema "siyo, siyo, siyo", nami nikamfokea anyamaze. Tulipofika kwenye kilima cha hospitali Kobe alichemka. Moshi mweupe, maji ya moto yanarukia kioo. Tulikaa kando ya barabara saa mbili juani. Baba yako alijikojolea, nikamsitiri kwa sare ya mtoto wa watu niliyokuwa naipeleka.

Aliyetuvuta ni yule fundi wa kona, aliyefundishwa kazi na baba yako. Akafungua boneti. Ndiyo, nilimruhusu. Akakwaruza ile hedi kwa bisibisi, rangi ya fedha ikabanduka kama ukoko wa kidonda, chini yake chuma cheusi, siyo alumini. Akanitazama. Akamtazama baba yako, naye baba yako akatikisa kichwa: ndiyo. Alikuwa akijua. Kwa sikio tu alikuwa akijua, na sisi tulimpigia makofi.

Basi sasa nimekumbuka kila kitu. Nimekumbuka ulivyonihimiza nikapeleke sare. Nimekumbuka nilirudi nikakuta pazia la chumba cha baba yako limevutwa, ukasema jua linamuumiza macho. Hukutaka akuone, siyo? Ile rangi haikuwa ya eksozi. Na yale hayakuwa vitabu. Nilishika sanduku upande mmoja, wewe upande wa pili, tukalibeba mpaka getini tunacheka. Umenibebesha wizi wako mwenyewe, kwa bega langu mwenyewe, nyumbani kwangu.

Picha yako niliiweka mezani nikashindwa kunywa chai mbele yake. Nimeigeuza uso chini.

Jibu bila kunizungusha.

Mama yako, kwa bahati mbaya


2 Julai

Mama,

Nimepokea barua yako, nawaombea nafuu nyote wawili.

Ni kweli. Nilichukua. Lakini nisikilize kabla hujanihukumu. Hedi ya Malkia ilipasuka, na hedi za alumini zenye namba ile zilitoka mwaka mmoja tu, baadaye kiwanda kikaanza kuweka za chuma. Waamuzi wa maonyesho wanapiga tochi kwenye namba. Bwana Glavu alitafuta dunia nzima. Mimi nilijua iliko. Aliniambia nikiipata, ukuu wa karakana ni wangu.

Nami sikuwaacha bila gari. Hedi ya chuma niliitafuta kwa wauza vyuma chakavu siku niliyotua, kabla sijafika nyumbani, nikaisafisha vizuri. Kosa langu ni gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, nilirudishia ya zamani kwa sababu ya haraka. Mwambie fundi aweke mpya, Kobe atatembea kama kawaida. Kwenda hospitali na kurudi hakuhitaji alumini, Mama. Malkia wamebaki watatu tu duniani. Akina Kobe wamejaa kila jalala.

Ningekuomba, lakini nilijua utakataa kwa ajili ya ile mikwaruzo.

Mwanao


19 Julai

Na baba yako, wamebaki wangapi duniani?

Hiyo uliyoiita mikwaruzo ni maandishi ya mtu ambaye sasa hawezi kuandika wala kusema. Ndiyo yaliyobaki ya mdomo wake. Huo ukuu wako sitaki kuusikia, unanuka. Nakuuliza jambo moja tu: tarehe zipo? Zikiwepo, ifungue hiyo hedi uirudishe kwa namna ile ile uliyoichukulia, kwa sanduku, na safari hii ulibebe peke yako.

Mama yako


30 Agosti

Mama,

Nimeandika barua hii mara sita na zote nimezichana. Sijui hata nianze kuwajulia hali kwa mdomo upi.

Tarehe hazipo.

Siku niliyorudi huku niliiweka hedi juu ya meza. Bwana Glavu akavaa glavu, akapitisha kidole. Aliruka namba, kidole chake kikasimama kwenye maandishi ya Baba. Akaniuliza, "Hii ni nini?" Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale. Nikamjibu, "Uchafu tu, bosi."

Hakuniambia nifute, Mama. Nilichukua msasa mwenyewe. Nilianzia juu, kwenye zile za zamani, nilidhani nikianza na "oili" na "plagi" mkono utazoea. Ulizoea kweli. Nilipofika "mtoto" sikusimama. "Shule" ikaenda. "Uwanja" ilikuwa imekwaruzwa kwa kina kuliko zote, Baba aliikandamiza sana siku ile, ikanichukua muda. Vumbi lake jeupe lilinikaa kwenye kucha, nikaenda kunawa, nikarudi kazini.

Na unajua Malkia anakwenda wapi na hedi ya Baba? Hapana anakokwenda. Anasukumwa kwa mikono mpaka kwenye lori, anashushwa, anawashwa dakika kumi watu wapige picha, anarudishwa kwenye blanketi. Tangu nimemjua hajawahi kutoka na kurudi kwa magurudumu yake. Uliuliza kambeba nani. Hakuna.

Zamani nilikuwa nikiona raha kuvaa zile glavu. Sasa nikizivaa naona uchafu, na nikizivua naona mikono yangu, nayo ni vile vile. Nimeomba hedi irudi. Bwana Glavu kacheka, akadhani ni mzaha. Nimeacha ukuu, nimeacha na kazi, najua hilo halikuponyeshi wewe wala Baba. Niambie nifanye nini. Ukinyamaza nitaelewa.

Mwanao, kama bado


21 Septemba

Mwanangu,

Nilitaka kunyamaza. Barua yako nilipoimaliza nilikwenda kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili. "Uchafu tu, bosi." Nimeshona sare kumi na mbili tangu siku hiyo na sentensi hiyo imo katika kila mshono. Bado nakuonea kinyaa, sitakudanganya kwamba kimeniisha.

Lakini baba yako alitaka asomewe. Alinyoosha mkono kwenye bahasha, akang'ang'ania. Nikamsomea yote, mpaka mahali pa msasa, mpaka vumbi la kwenye kucha. Nilidhani atatema mate. Alinisikiliza kama anavyosikiliza injini.

Fundi wa kona aliweka gasketi mpya, akakataa malipo. Kobe hachemki tena, lakini baba yako alikuwa hajakubali kupanda, mazoezi tulikuwa tunakwenda kwa miguu na kupumzika kila nguzo ya umeme. Asubuhi baada ya kumsomea, nikamkosa kitandani. Nikamkuta uani, kajikongoja peke yake na fimbo. Boneti kaifungua. Mkono wa kushoto umeshika msumari wake, ule ule, aliokuwa ameuchomeka siku zote kwenye mkanda wa kiti cha dereva. Wewe ulibeba hedi ukasahau msumari.

Alikuwa akikwaruza ile rangi yako ya fedha. Mkono wa kushoto haujui kazi hiyo, ulikuwa unateleza, jasho linamtiririka. Nilitaka kumsaidia akanisukuma kwa kiwiko. Ilimchukua mpaka saa ya chai ya mchana. Kaandika 18/4. Ndiyo siku uliyokuja.

Nikasubiri neno. Hakuandika. Nikamwuliza, "Niandike mimi? Niandike 'wizi'?" Ningeiandika, tena kwa herufi kubwa. Akasema, "Bado." Nikamwuliza, "Niandike 'mtoto'?" Akasema, "Bado." Halafu akanitia msumari kiganjani, akaingia ndani kwa fimbo yake, akaichukua ile picha yako niliyoifunika mezani, akaigeuza. Aliporudi alimpanda Kobe bila kushikwa, akafunga mlango, tukaenda mazoezini.

Humu nimeshona kitu ndani ya kipande cha kitambaa cha sare, kisitoboe bahasha. Kifumue taratibu, ndani yake ni msumari. Nafasi mbele ya tarehe ipo tupu, inatosha neno moja. Njoo uliandike mwenyewe, mbele yake, na pazia likiwa wazi.

Mama yako